Makala imerudishwa kwa sababu ya marejeleo: uanzie wapi?

Msomaji wetu, mhadhiri msaidizi anayetuandikia kutoka Morogoro, anauliza hivi: "Nilituma makala kwenye jarida la kimataifa linaloshughulikia ardhi na jamii. Baada ya siku chache ikarudi, haijasomwa na mhakiki yeyote. Mhariri ameandika mistari miwili tu: marejeleo hayafuati mwongozo kwa waandishi, niyarekebishe kwa mtindo wa APA toleo la saba na kutuma upya ndani ya wiki mbili. Mimi nilitumia mtindo wa Harvard, ndiyo tuliyofundishwa na ndiyo niliyoandikia tasnifu. Nina vyanzo sitini na kitu: makala, vitabu vya Kiswahili, sheria za Tanzania, tasnifu, ripoti za wizara na mahojiano niliyofanya vijijini. Nikae nibadilishe kimoja kimoja kwa mkono, au nitafute programu? Na vyanzo vya Kiswahili naviandikaje kwenye jarida la Kiingereza?"

Dada, pole kwa usumbufu, lakini isome tena barua ya mhariri. Hajaikataa makala yako. Amekuonyesha kasoro na amekupa muda, na mhariri asiyeitaka kazi hakupi wiki mbili. Wapo wanaopata barua kama hiyo wakahamia jarida jingine kwa hasira, na huko wakakuta sharti lilelile.

Swali lako la programu nalijibu hivi: itumie, ila usianze nayo. Anza na taarifa za vyanzo vyenyewe. Programu hupanga kile ilichopewa. Ukiipa jina la mwandishi lililokosewa, mwaka usio sahihi au kurasa pungufu, itakupangia makosa hayo kwa unadhifu mkubwa, na wewe utaamini kazi imekwisha. Orodha ya marejeleo ipo ili mtu aliyeko Nairobi au Oslo aweze kukifikia chanzo ulichokisoma wewe. Koma na mabano vinasaidia, lakini jina, mwaka, juzuu na kurasa ndivyo vinavyomfikisha.

Kabla ya hapo, nikueleze kwa nini Harvard imekuangusha, maana utakutana nayo tena. Watu huitaja kana kwamba kuna kitabu kimoja cha kanuni chenye jina hilo, na hakuna. Desturi ya kutaja mwandishi na mwaka ndani ya mabano huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeitumia katika makala yake ya mwaka 1881. Tangu wakati huo vyuo vingi vimejitengenezea Harvard yao. Chuo kimoja kinaweka mwaka ndani ya mabano, kingine hakiweki. Kimoja kinataka mahali pa uchapishaji kabla ya mchapishaji, kingine baada yake. Ulichofundishwa hakikuwa makosa, kilikuwa kanuni za chuo chenu. APA kwa upande wake ina mwenyewe: ni mtindo wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani, ulioanza mwaka 1929 kama maelekezo ya kurasa saba ndani ya jarida, na leo ni kitabu kizima. Toleo la saba lilitoka Oktoba 2019. Ndiyo maana mhariri ametaja hata namba ya toleo.

Hata hivyo, juu ya kitabu hicho upo mwongozo wa jarida lenyewe, na huo ndio wenye kauli ya mwisho. Jarida likisema linafuata APA ila halitaki viungo vya intaneti, au linataka majina ya majarida yafupishwe, unafuata jarida. Usome mwongozo huo mwanzo hadi mwisho, si sehemu ya marejeleo peke yake, kwa sababu mara nyingi sharti la tafsiri za majina ya vitabu au la idadi ya marejeleo limewekwa kwingine. Kisha pakua makala mbili tatu za toleo la karibuni, hasa zilizoandikwa kuhusu nchi za Afrika, uone zimeandikaje sheria, tasnifu na ripoti za serikali. Pale mwongozo ulipokaa kimya, makala zilizokwisha chapishwa ndizo zinazojibu.

Tuchukue chanzo kimoja tukione kwa karibu. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu umbo la DNA ina kurasa mbili tu. Kwa APA inaandikwa hivi:

Watson, J. D., & Crick, F. H. C. (1953). Molecular structure of nucleic acids: A structure for deoxyribose nucleic acid. *Nature*, *171*(4356), 737–738. https://doi.org/10.1038/171737a0

Jarida la tiba litaitaka hivi:

1. Watson JD, Crick FH. Molecular structure of nucleic acids. A structure for deoxyribose nucleic acid. Nature. 1953;171(4356):737-8.

Huu wa pili ni mtindo wa Vancouver, uliopewa jina la mji wa Kanada ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978. Tazama kilichobadilika. Mwaka umehama kutoka mbele kwenda karibu na juzuu. Herufi za mwanzo za majina zimepoteza nukta, na Crick amepoteza herufi yake ya tatu, kwa sababu Vancouver haiweki zaidi ya mbili. Kurasa 737 hadi 738 zimefupishwa. Hapo mwanzo pana namba, kwani katika Vancouver vyanzo hupangwa kwa jinsi vilivyotokea ndani ya matini, si kwa alfabeti. Taarifa ni zilezile, na kila mtindo umezipanga kulingana na mahitaji ya wasomaji wake. Katika sayansi ya jamii msomaji anataka kujua papo hapo utafiti ni wa lini, ndiyo maana mwaka unamfuata mwandishi. Daktari anasoma sentensi yenye vyanzo vinane nyuma yake, na namba ndogo hazimkatishi.

Sasa rudi kwenye mstari wa APA uusome polepole, kwa sababu humo ndimo mlimo na karibu makosa yote ya watu wanaotoka Harvard. Jina la makala linaandikwa kwa herufi za kawaida: kubwa mwanzoni, kubwa baada ya nukta pacha (:), na kubwa kwenye majina maalumu, basi. Jina la jarida ndilo linalobaki na herufi kubwa zake zote na linalazwa, yaani linaandikwa kwa herufi zilizoinama. Namba ya juzuu nayo inalazwa, lakini toleo lililomo kwenye mabano halilazwi, na baina yake na juzuu hakuna nafasi. Kurasa zinaunganishwa kwa kistari kirefu, si kile kifupi cha kibodi. Kiungo cha DOI, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wa makala mtandaoni, kinaandikwa kamili kuanzia https, na hakifungwi kwa nukta.

Toleo la saba pia limeacha mambo kadhaa ambayo walimu wengi bado wanafundisha. Mahali pa uchapishaji pa kitabu hapatajwi tena, kwa hiyo "Dar es Salaam:" na "London:" zote zinaondoka. Chanzo chenye waandishi watatu au zaidi kinafupishwa ndani ya matini tangu mara ya kwanza kinapotajwa: jina la mwandishi wa kwanza, halafu *et al.*, yaani "na wenzake". Kwenye orodha ya mwisho, kinyume chake, unawataja waandishi wote mpaka ishirini. Toleo la sita liliruhusu saba tu, na hapo ndipo orodha nyingi za zamani zinapopungukiwa watu.

Tuje kwenye usafishaji. Fungua jedwali, weka kila chanzo kwenye mstari wake, na uhakiki kimoja baada ya kingine ukiwa na chanzo chenyewe mbele yako. Usihakiki kwa kutazama orodha ya mtu mwingine. Kosa la ukurasa au la mwaka likiingia kwenye makala moja inayosomwa sana, hunakiliwa na kila anayeazima rejeo bila kufungua chanzo. Kwa makala, njia ya haraka ni DOI: tafuta jina la makala kwenye ukurasa wa utafutaji wa Crossref, shirika linalosajili DOI, ambao ni wa bure, upate namba, kisha ibandike mara baada ya https://doi.org/ uone kama inakupeleka mahali panapostahili. Makala nyingi za majarida yetu hazina DOI, na hilo halikuharibii kitu. Kama makala inapatikana wazi kwenye tovuti ya jarida, weka kiungo chake. Kama uliipata ndani ya hifadhidata ya maktaba inayohitaji nywila, acha kiungo, iandike kama iliyosomwa kwenye karatasi.

Hapa nakuomba kwa dhati: usiipe programu ya akili bandia orodha yako ikupangie na kukujazia yaliyopungua. Programu hizi zikikosa kurasa au DOI huweza kubuni, na zinabuni kitu kinachofanana kabisa na cha kweli. Juni 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zisizokuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Rejeo la kubuni likigunduliwa kwenye makala yako, mhariri hataliita kosa la mpangilio, ataanza kuuliza kama na data zako ni za kweli.

Baada ya usafi ndipo iingie programu ya kupanga marejeleo. Kwa hali yako nakushauri Zotero. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na inafanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs. EndNote ni nzuri lakini inauzwa, na kama chuo chako hakijailipia sioni sababu ya kuinunua kwa ajili ya makala moja. Ukishaiweka Zotero, bonyeza alama ya fimbo ndogo, bandika DOI, au ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), na taarifa za chanzo zitajaa zenyewe. Zilinganishe na jedwali lako, kwa maana zinazokuja zenyewe hutoka kwa wachapishaji, nao hukosea. Andika majina ya makala kwa herufi za kawaida tangu mwanzo: programu inaweza kukuza herufi pale mtindo unapotaka, lakini haiwezi kuzishusha kwa uhakika. Na kwa kila chanzo cha Kiswahili, jaza sehemu ya lugha, uandike *sw*. Usipojaza, siku utakapobadilisha kwenda mtindo wa Chicago au wa MLA programu itadhani jina ni la Kiingereza na kulikuza lote, hadi viunganishi. Faida ya kazi hii utaiona jarida la pili litakapotaka mtindo tofauti: utachagua mtindo mwingine kwenye orodha, na marejeleo yote yatajipanga upya.

Majina ya watu ndiyo yanayotutesa zaidi sisi wa huku, na hakuna programu itakayokusaidia usipoisaidia wewe. Majarida yanadhani kila mtu ana jina la ukoo, na kwamba ni lile la mwisho. Kwa Watanzania wengi jina la mwisho ni la babu, na mwandishi yuleyule leo anasaini majina mawili, kesho matatu. Matokeo yake mtu mmoja anatokea kwenye orodha mara mbili kama watu wawili. Kanuni ninayoifuata ni kuangalia mwandishi anavyojiandika kwenye kazi zake nyingi, au kwenye wasifu wake wa ORCID (namba ya utambulisho wa mtafiti) kama anao, na kushika umbo hilo moja orodha nzima. Mazrui, A. A. na Nyerere, J. K. hawana tatizo. Ngũgĩ wa Thiong'o ana tatizo, kwa sababu programu itamgeuza kuwa "Thiong'o, N. wa", ilhali maktaba humweka chini ya herufi N. Kwenye Zotero kuna kitufe kidogo pembeni ya jina kinachounganisha sehemu mbili kuwa moja. Kibonyeze, uandike jina lote kama lilivyo. Kitufe hichohicho kitumie kwa taasisi na wizara, la sivyo utakuta "Kiswahili, T. ya U. wa" kwenye orodha yako. Vyeo vyote vinaondoka: Mwalimu, Dkt., Profesa, Sheikh, Padre.

Kitabu cha Kiswahili kwenye jarida la Kiingereza kinaandikwa kwa jina lake la asili, kwa mlazo, na mara baada yake tafsiri ya jina kwa Kiingereza inawekwa ndani ya mabano ya mraba, bila mlazo. Usibadilishe jina la asili na kuweka tafsiri peke yake, maana anayekitafuta hatakipata. Kanuni ya herufi inabaki: *Kamusi ya Kiswahili sanifu*, ingawa kwenye jalada "Sanifu" ina herufi kubwa. Kuhusu mwandishi wa kamusi hiyo, taja taasisi kwa jina lililochapishwa kwenye nakala uliyotumia. Toleo la 2004 ni la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili; kwamba mwaka 2009 taasisi hiyo iligeuka kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili hakubadilishi kilichoandikwa kwenye jalada. Fanya vivyo hivyo kwa wizara. Wizara zetu hubadilishwa majina mara kwa mara, na ripoti ya zamani inabaki na jina la wizara la mwaka ule. Mara nyingi wizara ni mwandishi na ni mchapishaji pia. Katika hali hiyo APA haitaki jina lirudiwe.

Sheria zinahitaji uamuzi. Kwa sheria, APA hufuata mtindo wa wanasheria wa Marekani, ambao hautoshei vizuri sheria zetu. Andika jina la sheria, namba na mwaka: Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Kama ulisoma zilizomo kwenye sheria zilizofanyiwa urekebu, ongeza sura, yaani 113 na 114, pamoja na mwaka wa urekebu, kwa kuwa vifungu huenda vimebadilika. Lugha ya jina la sheria iwe ya nakala uliyoisoma.

Tasnifu ni rahisi: baada ya jina lake, mabano ya mraba yenye aina ya tasnifu na chuo, kisha hifadhi ya chuo na kiungo. Kama haijawekwa kwenye hifadhi yoyote, mabano yanasema haijachapishwa na chuo kinatajwa nje ya mabano.

Mahojiano yako ya vijijini hayaingii kwenye orodha kabisa. Kwa APA, maneno ya washiriki wa utafiti wako ni data. Yanaelezwa kwenye sehemu ya mbinu na kunukuliwa ndani ya matini kwa utambulisho uliowapa, mfano mkulima wa kike, kijiji cha pili. Msomaji hawezi kuyafikia popote, na watu uliowaahidi kutotajwa wasije wakatajwa kwa sababu ya orodha. Ungekuwa unaandikia jarida la historia linalotumia tanbihi za Chicago, hali ingekuwa tofauti: huko mahojiano hutajwa kwa tarehe na mahali, na jina likitajwa ni kwa ridhaa.

Ukimaliza, linganisha pande mbili. Chapa orodha kwenye karatasi, kisha tafuta kila jina ndani ya matini kwa kibodi. Lisilopatikana, liondoe au ukumbuke ulilitumia wapi. Halafu soma matini yote ukisimama kwenye kila mabano, uone kama yana mwenzake kwenye orodha na kama mwaka ni uleule. Mwandishi mwenye kazi mbili za mwaka mmoja anapewa a na b, kwa alfabeti ya majina ya kazi hizo, si kwa ipi ulisoma kwanza. Ukubwa wa makosa yanayobaki hapa hushangaza hata waandishi wazoefu. Zotero pia hukuonya iwapo makala uliyoitaja imefutwa na jarida lake. Ukiona onyo hilo, usilipite.

Kabla ya kutuma, hifadhi nakala mbili. Ya kwanza ibaki na viungo vya programu, yaani vinavyounganisha matini na Zotero, si vya intaneti; hiyo ni yako. Kwenye ya pili kata viungo hivyo vyote kupitia amri iliyomo kwenye kichupo cha Zotero, marejeleo yawe maandishi ya kawaida, kwani mifumo ya kupokea makala wakati mwingine huvuruga viungo hivyo. Hakikisha orodha ina mistari iliyoachana mara mbili, na mstari wa pili wa kila rejeo umeingia ndani nusu inchi kwa mpangilio wa aya, si kwa kubonyeza nafasi.

Kwa makala zijazo, angalia kwanza kama jarida linadai mtindo wake tangu siku ya kwanza. Baadhi ya wachapishaji wakubwa, Elsevier na Taylor & Francis wakiwemo, wana majarida yanayopokea mtindo wowote mwanzoni mradi uwe mmoja, na mpangilio kamili unadaiwa makala ikishakubaliwa. Hilo linaweza kukuokolea wiki nzima.

Pamoja na makala, mwandikie mhariri barua ya mistari michache, ukianza na namba ya makala. Mweleze kwamba marejeleo yote yamepangwa upya kwa APA toleo la saba, kwamba vyanzo vya Kiswahili vimewekewa tafsiri ya majina, na kwamba sheria za Tanzania umeziandika kwa jina, namba na mwaka kwa kuwa mwongozo wa jarida hauzungumzii sheria za nje. Kama wana mtindo wanaoupendelea, utaufuata.